Nilisema ni Kimoja

Nianze na hili ili tusije tukalaumiana mbele ya safari: mimi ni msusi, na mdomo wangu una mbio kuliko mikono yangu. Saluni wananiita Kiwembe. Sinyoi mtu, ila mteja akiniletea maringo namkata palepale, na baada ya wiki tatu anarudi mwenyewe, kwa sababu mimi nikikusuka umesukwa. Mume wangu ni fundi wa lifti. Wenzangu wanamwita Bwana Taratibu, naye akisikia anatabasamu tu. Kwa siku anasema sentensi tatu, na ya tatu ni ya kuaga. Watu wakiniuliza tuliwezaje kuoana nawaambia kila mlango na ufunguo wake, halafu naendelea na kazi.

Tulipooana tulikubaliana tungoje miaka mitatu. Mimi nilitaka kiti changu mwenyewe saluni, yeye alikuwa anamalizia masomo ya ufundi ya jioni, na chumba chetu kilikuwa kimoja, mtu akifungua kabati mwenzake lazima apande kitandani. Basi nikawekewa kijiti, ile dawa ya kupanga uzazi inayokaa chini ya ngozi ya mkono. Nilifumba macho mwanzo mpaka mwisho. Ushujaa wangu wote unaishia kwenye sindano, na wala sioni aibu kulisema.

Miaka mitatu ikaisha. Tulikuwa tumeshahamia vyumba viwili. Asubuhi moja mume wangu, akiwa anafunga kamba za viatu vyake vya kazi, akaniuliza, "Sasa je?" Nikamjibu, "Sasa ndiyo." Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyofanya kuhusu kupata mtoto, na nilifurahi mpaka nikatia chumvi kwenye chai. Akasema ataomba ruhusa Ijumaa anisindikize kwenda kukitoa. Nikamwambia ya nini? Kutoa kijiti nako kunataka mashahidi? Nitajipeleka.

Nikajipeleka Jumanne, katikati ya kazi. Nilikuwa na mteja wa rasta ndogo ndogo, zile za kukaa kutwa nzima. Upande wa kushoto nimemaliza, upande wa kulia nywele zimesimama kichaka. Akasema njaa inamuuma, akaletewa chakula, na mimi nikaona hapa nina nusu saa ya bure. Nikamfunga kitambaa kichwani, nikamwambia tafuna polepole, nikavuka barabara hadi zahanati.

Nesi aliniuliza kadi iko wapi. Nikamwambia ilipotea tulipohama. Akaniuliza niliwekewa wapi, nikamwambia kwingine, mbali. Akanishika mkono akaanza kunibonyeza, huku ananiuliza, "Vilikuwa vingapi?"

"Kimoja," nikasema. "Fanya haraka dada yangu, nina mtu kule ana nusu kichwa."

Akacheka. Akataka kunibonyeza tena, juu kidogo. Nikamwambia, "Dada, mwenye mkono ni mimi." Nikageukia ukutani, nikafumba macho, na baada ya muda akasema tayari, kijiti hiki hapa, unataka kukiona? Nikamwambia hapana, kitupe. Nilirudi saluni mteja bado anatafuna, na siku ile nilisifiwa sana kwa kutopoteza muda.

Hapo ndipo nilipoanza kungoja, na kungoja kwenyewe sikukujua.

Mwezi wa kwanza siku zangu hazikuja. Nikanunua kipimo cha mkojo, nikajifungia chooni, nikakitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Mstari mmoja. Mwezi wa pili zikaja siku mbili, matone tu, kisha zikakata. Mwezi wa tatu zikaja mara mbili. Mwezi wa nne kimya. Nikipata kichefuchefu nasema ndiyo hii, kumbe nimekula kiporo. Maziwa yakiniuma nasema ndiyo hii, kumbe ni siku zinakuja, halafu haziji. Nilikuwa sijui tena mwili wangu unasema nini. Miaka yote nilikuwa nauelewa, sasa ukawa kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili.

Na ushauri je? Kaa saluni wiki moja tu uone. Mteja mmoja alisema dawa ikitoka mwili unataka miezi sita kurudi sawa. Mwingine akasema uongo, dada yake alitoa Jumatatu na mwezi ule ule akashika mimba. Wa tatu akasema dawa hizo zinakausha kizazi, na aliyekaa naye benchi moja akamwambia anyamaze, asitishe watu, yeye alitumia miaka sita na ana mapacha. Niliwauliza, sasa nimsikilize nani? Wote wakasema, mimi.

Mwenzangu wa kiti cha pembeni, tunamwita Mwanya kwa meno yake, akaniambia dawa ni kulala chali baadaye na kuegemeza miguu ukutani. Nikafanya. Mume wangu alitoka kuoga, akanikuta miguu juu, akasimama na taulo lake, akauliza, "Unarekebisha nini?" Tulicheka siku ile mpaka jirani akagonga ukuta. Nasema haya kwa sababu kulikuwa na wakati tulicheka.

Kisha nikaweka kwenye simu ile programu ya kuhesabu siku. Ikaniambia siku nzuri ni leo, Alhamisi. Nikampigia mume wangu kazini.

"Njoo nyumbani sasa hivi."

"Siwezi. Kuna watu wamekwama ghorofa ya tano."

"Na mimi nimekwama!" nikapiga kelele, na saluni nzima ikageuka.

Mwezi wa nane nikaenda kwa daktari. Akaniuliza umri, akaniuliza nilitumia nini, nikamwambia kijiti, nilishatoa. Akaandika. Akasema wengi hupata ndani ya mwaka mmoja, nivumilie, nipunguze mawazo. Nipunguze mawazo! Kana kwamba mawazo ni nywele, nichukue mkasi. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia, kwa sababu hakuna kilichoharibika na hakuna kinachofanya kazi.

Nitasema ukweli mwingine ambao sijivunii. Nilianza kuwachukia wajawazito. Wakija kusuka na matumbo yao, wakikaa wamepanua miguu, wakisema mgongo jamani, mimi nawasuka kwa nguvu mpaka macho yanawavutika. Mmoja aliniambia unaniumiza. Nikamwambia uzuri hauji bure. Halafu nikaenda stoo nikalia juu ya maboksi ya nywele bandia, nikanawa uso, nikarudi kummalizia. Nilimtaka mtoto. Nilimtaka mpaka mikono ilikuwa inauma nikiwa sijafanya kazi yoyote. Na nilikuwa sielewi, hilo ndilo lililonitesa zaidi, kwamba ningeweza kuvumilia kama mtu angeniambia tatizo ni hili.

Mtu asiyeelewa hutafuta wa kumlaumu, na wangu alikuwa karibu.

Mwezi wa kumi nikamwambia mume wangu akapime. Hakubisha. Akaenda, akarudi na karatasi, akaiweka mezani. Mbegu nzima, hesabu nzuri, mwendo mzuri. Nikaisoma mara tatu. Nikamwambia hiyo maabara ni ya uchochoroni, hawajui wanachopima, nenda kwingine. Akaenda kwingine. Karatasi ya pili ikasema kama ya kwanza. Nikasema maabara zote lao moja.

"Sasa unataka niende wapi?" akaniuliza.

"Sijui! Wewe ndiye mwanaume!"

Hata mimi sikujua nina maana gani.

Jumapili moja, mwezi wa kumi na tatu, tulikwenda kula kwa mama mkwe. Tulikuwa wanne mezani: mama mkwe, wifi yangu, mume wangu na mimi. Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa maneno machache, na huko ndiko mwanawe alikorithi. Wifi ndiye aliyenyimwa breki. Akanitazama tumbo akasema, "Wifi, sisi tutaitwa mashangazi lini? Au unaogopa kuharibu umbo?"

Alikuwa anatania. Siku nyingine ningemrudishia utani wake na riba. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimetoka kutupa kipimo cha kumi na moja, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Muulize kaka yako," nikasema. "Shamba langu halina tatizo. Mbegu ndizo zimeoza."

Mama mkwe aliweka kijiko chini. Wifi alitazama sahani yake. Mume wangu alimaliza maji kwenye glasi, yote, taratibu, akapangusa mdomo, akasema, "Twende nyumbani." Njiani sikuomba msamaha. Nilijiambia nitaomba kesho, na kesho nikajiambia tena kesho. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Tangu siku ile sentensi tatu zikawa moja. Anaamka, ananiambia anaenda, anaenda. Hakunuka pombe wala hakuchelewa kurudi. Alitengeneza bomba la jikoni lililokuwa linavuja na kubadilisha taa ya barazani. Ningejua la kufanya na mwanaume anayefoka. Huyu alikuwa ananitazama nikiwa sioni, nikigeuka anaangalia pembeni. Nikawa sijui amekasirika, amechoka, au ana mtu.

Baada ya wiki tatu akanikalisha.

"Kampuni ina jengo jipya mji mwingine. Ghorofa ishirini. Wanataka fundi wa kukaa huko mwaka mmoja."

"Na wewe umewaambiaje?"

"Nimetia sahihi. Naondoka Jumamosi hii."

"Mwaka mzima? Na mimi je? Na hili letu je?"

"Labda ni bora hivi," akasema.

"Bora kwa nani?"

Nilimwita majina siku ile ambayo siyaandiki. Nilimwambia anakimbia. Nilimwambia akienda asirudi. Kisha usingizini nikamshika shati, nikaamka nimelishika, nikaliachia kabla hajaniona. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumatano joto lilikuwa kali, feni ya saluni imekufa, nikavaa blauzi isiyo na mikono. Akaja mteja mpya, mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari, mpole, amebeba madaftari ya kusahihisha. Sikuwa na hamu ya mtu. Nikamkalisha, nikaanza kugawa nywele. Sasa, msusi anafanya kazi mikono ikiwa juu, na aliyekaa kitini macho yake yapo usawa wa mikono hiyo saa nzima, apende asipende.

"Kumbe na wewe unavyo," akasema.

"Nina nini?"

"Vijiti. Hata vyangu vinaonekana hivyo nikiinua mkono." Akapandisha mkono wa gauni lake, akanionyesha. Chini ya ngozi kulikuwa na mistari miwili myembamba, imekutana upande mmoja na kuachana upande mwingine.

"Mimi sina," nikamwambia. "Nilitoa mwaka jana."

Akatazama tena. "Basi hiki ni nini?" Na kabla sijamzuia akanigusa kwa ncha ya kidole, pale ndani ya mkono wa kushoto, juu kidogo ya kovu.

"Mwalimu," nikasema, "umekuja kusukwa au kunikagua?"

Akaomba radhi, akafungua daftari la mwanafunzi. Mimi nikaendelea kusuka. Mstari wa kwanza ukapinda. Nikaufumua. Nikausuka tena, ukapinda tena. Kwa miaka tisa mstari wangu haujawahi kupinda. Pale mahali nilipajua, nilikuwa napagusa kila nikioga, kulikuwa na kitu kigumu chembamba, na nilikuwa nimejiambia ni mshipa, kazi ya kuinua mikono inakaza mishipa. Niliwahi kumwonyesha hata Mwanya, naye akasema ni kovu la ndani.

"Mwalimu," nikasema, safari hii kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. "Ulisema vyako vingapi?"

"Viwili. Kuna vya kimoja na kuna vya viwili, inategemea uliwekewa aina gani. Wewe ulikuwa na vingapi?"

Nikafungua mdomo kusema kimoja. Nilijuaje ni kimoja? Nilikuwa nimefumba macho. Mwanya ndiye aliyekuwa na kimoja, alinionyesha mwenyewe, na sote tulikuwa tunasema kijiti, kijiti, kama tunavyosema nywele bila kuhesabu.

Mwanya alikuwa ameacha kusuka. Alinivuta stoo, akanishika mkono, akapapasa, akajipapasa mwenyewe, akanipapasa tena. "Shoga," akasema, "hili sio kovu. Nisamehe." Nikamwambia aondoke hapo, anajua nini yeye, ni mshipa. Nikalia, nikacheka, nikalia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, lakini pale sikujua kama napona au naugua. Nilirudi nikamsuka mwalimu mpaka nywele ya mwisho.

Alhamisi asubuhi nilikuwa hospitali kubwa. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani imening'inia kwa kamba, alipitisha kile kifaa cha picha kwenye mkono wangu, akageuza skrini niione. "Kipo," akasema. Kwenye skrini kilikuwa kivuli kidogo tu, kimetulia.

"Ndicho kilichonizuia?"

"Huenda."

"Huenda ndiyo au huenda hapana?"

"Kimoja kina nusu ya dawa. Kuna wanaoshika mimba hata nacho, na kuna wasioshika. Na siku zako kuvurugika, huenda ni chenyewe. Tukikitoa tutajua mbele ya safari."

"Daktari, miezi kumi na minne nangoja mtu aniambie ndiyo au hapana!"

"Nakuelewa," akasema. "Lakini nikikupa jibu ambalo sina, nitakudanganya." Akavaa glavu. Akaniuliza, huku anapanga vifaa vyake, "Aliyekutoa kile cha kwanza hakukuuliza vilikuwa vingapi?"

Hapo nilikuwa na mlango wa kutokea. Yule nesi hata sura yake nilikuwa nimeisahau. Ningesema hakuniuliza, wazembe wakubwa wale, na daktari angetikisa kichwa kunihurumia, na jioni ningeenda nyumbani na mkosaji wangu mkononi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Aliuliza," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia kimoja. Nilikuwa na haraka."

Daktari akanisafisha mkono. Safari hii sikufumba macho. Niliiona sindano, nikaona ngozi inafunguka, nikakiona chenyewe kikitoka: kidogo, cheupe, kama njiti ya kiberiti iliyokatwa kichwa. Miezi kumi na minne. Kitu cha ukubwa ule.

Nilifika nyumbani saa kumi. Mume wangu alikuwa amechukua likizo ya siku mbili kabla ya safari. Begi lilikuwa wazi kitandani, mashati yamekunjwa kwa mstari. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamwambia kila kitu, mwalimu, mstari uliopinda, skrini, njiti ya kiberiti. Kwa mara ya kwanza nilisimulia kitu bila kutia chumvi. Alisikiliza akiwa ameshika soksi.

"Vilikuwa viwili," akasema.

"Ndiyo, ndivyo nilivyokuambia."

"Hapana. Najua vilikuwa viwili. Nilikuwepo. Nilikaa kwenye stuli, ulikuwa umenibana kidole. Aliweka kimoja, akaweka cha pili. Niliona."

"Ulijua? Miezi yote hii ulijua?"

"Uliporudi ukasema wametoa kijiti. Nikadhani wametoa vyote. Nyinyi mnakiita kijiti."

"Na mwezi wa tatu je? Na wa nane nilipoenda kwa daktari? Ungeshindwa kusema neno moja, vilikuwa viwili? Neno moja! Lakini wewe..."

Nikajisikia ninavyofoka. Sauti yangu ilikuwa imeshajaa chumba, na yeye alikuwa ameinamia soksi, anazikunja. Angesema saa ngapi? Alitaka kunisindikiza nikamwambia hakuhitajiki mashahidi. Daktari nilimwendea peke yangu. Yeye kazi niliyompa ilikuwa moja tu, kwenda kupimwa.

"Nisamehe," nikasema.

Akatikisa kichwa, sikujua ni ndiyo au ni yaishe.

Nikaona msamaha wa chumbani hautoshi kwa kosa la mezani. Nilimtukana mbele ya mama yake; basi mama yake asikie. Nikachukua simu, nikaweka sauti ya nje, nikaiweka kitandani kati ya mashati. Alisema, "Acha," lakini simu ilikuwa imeshaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamwambia. Nilisema ile Jumapili nilimsingizia mwanao. Nilisema mbegu hazina tatizo na hazijawahi kuwa nalo, tatizo lilikuwa mkononi mwangu, na lilibaki pale kwa sababu ya mdomo wangu na haraka yangu. Nilisema nitakuja nirudie haya mbele ya wifi. Machozi yalikuwa yananiingia mdomoni.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "mimi sikukuamini hata siku ile. Ningekuaminije, na karatasi zake mbili nimezisoma kwa macho yangu? Aliyekuamini ni yeye."

Mume wangu akanyoosha mkono kuchukua simu. Nikaivuta kwangu.

"Alikuja hapa wiki iliyopita," mama mkwe akaendelea. "Akaniambia, mama, mke wangu anataka mtoto na mimi sina wa kumpa. Nikimwambia aniache hataniacha. Basi naondoka mimi. Ndani ya mwaka atazoea nisipokuwepo, atapata mtu mwingine angali kijana. Nikamwambia, wewe mtoto una wazimu, na hizi karatasi? Akanijibu, mashine hukosea, mama. Mke wangu hawezi kunisingizia."

Sijui niliagana vipi na mama mkwe. Nakumbuka simu imezimika. Mume wangu alikuwa anatazama ndani ya begi kana kwamba kuna kitu amekisahau humo. Nilitafuta neno. Miaka tisa nakaa mjini kwa mdomo, na sikupata hata moja. Nikainuka nimwendee, sijui nimshike, nimpigie magoti, au nimfungue begi nitoe mashati yote.

"Kaa kwanza," akasema. "Mkono wako unatoka damu."